Wimbo Uliokataa Kuzimika

Siku Eddy aliporudi Nchelenge, Rosalie alikuwa mtu wa mwisho kuambiwa, na jambo hilo peke yake lilimtosha kushuku. Soko zima la Kashikishi lilishajua tangu asubuhi. Vijana wa kuchaji simu walijua, akina mama wa mafuta ya mawese walijua, hata fundi viatu wa pale mlangoni alijua. Yeye aliketi nyuma ya mafungu yake ya chisense, wale samaki wadogo wa ziwani wanaokaushwa juani, akijiuliza kwa nini watu wanamtazama kisha wanageuza macho.

Mwishowe Memory akashindwa kujizuia. Memory alikuwa Mzambia wa hapo hapo, jirani yake wa meza kwa miaka kumi na mitano, mwanamke asiyeweza kulaza neno tumboni.

"Ba mayo, mwimbaji wako amefika," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kilichochanganyika na Kibemba. "Yuko gesti, kule chini ya bandari. Jumamosi anapiga muziki uwanjani."

"Si mwimbaji wangu," Rosalie akajibu.

"Awe, usikasirike. Mimi nasema tu." Memory akasogeza kigoda chake karibu, akateremsha sauti. "Lakini safari hii anakuja kuchukua nini?"

Rosalie alikuwa amejiuliza swali hilo hilo kabla Memory hajamaliza kulitamka.

Kando ya Ziwa Mweru, kuanzia Chienge hadi vijiji vya Mofwe, hakuna ambaye hakuujua wimbo wa Eddy. Ulianza na gitaa lililokoroma kama injini ya boti inayogoma kuwaka: mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikakohoa, mara ya tatu ikashika. Hapo ngoma ziliingia kwa kishindo, na Eddy akapasua koo: *Usizimishe!* Ulikuwa muziki wa roki, mkali, katika nchi ambayo watu walizoea rumba na kwaya. Redioni walidhani ungedumu mwezi mmoja. Sasa ulikuwa na miaka ishirini. Mashabiki wa mpira waliuimba timu yao ikiongoza na wakitaka bao jingine. Maharusi waliingia nao ukumbini. Mgombea mmoja aliufunga kwenye vipaza sauti vya gari lake, akashindwa uchaguzi, wimbo ukabaki. Vijana wa kanisa waliubadilisha maneno wakaufanya wa kumwomba Roho asizimike. Kila mtu aliweka humo alichokitaka, na kila mtu alidhani ni wa kwake.

Eddy mwenyewe alipohojiwa alisema aliutunga katika sherehe moja, jenereta lilipozimika watu wakaanza kulalamika. Alilisema hilo mara nyingi, na kila aliposema alicheka.

Rosalie alijua kuwa ni uongo, kwa sababu alikuwamo ndani ya ile boti.

Ilikuwa mwaka 1999, asubuhi na mapema, upande wa Kongo karibu na Kilwa. Walikuwa watu arobaini katika boti ya watu kumi na tano, na risasi zilikuwa zinalia kijijini nyuma yao. Mwenye boti alishikwa na hofu. Alitaka kuzima injini ili askari wasisikie, waachie maji yawapeleke yanakotaka. Mama yake Rosalie, mwanamke mfupi aliyekuwa hajawahi kumpandishia mtu sauti, alisimama katikati ya watu akapiga kelele: "Usizimishe! Usizimishe motere!" Boti nzima ikanyamaza. Mwenye boti akaacha mkono wake palepale ulipokuwa. Walifika Zambia jua likiwa limeshapanda. Mama akaishi miaka miwili katika kambi ya wakimbizi, kisha malaria ikamchukua. Ukelele wake ukabaki kwa Fabien, kaka yake Rosalie.

Fabien hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa mikono. Gitaa lake alilichonga mwenyewe kutokana na ubao wa mtumbwi uliooza, nyuzi akazitoa katika kebo za breki za baiskeli, sumaku akazifungua katika simu mbovu, spika akaitoa katika redio ya kizamani. Panya alikuwa ametoboa karatasi ya ile spika, na kila sauti iliyopita hapo ilitoka ikiwa imechanika. Eddy, rafiki yake na mwimbaji wa bendi, alileta gundi.

"Acha," Fabien alimwambia kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Iko inalia sawa motere. Njo ile nilikuwa ninatafuta."

Mwaka 2004 walikwenda kurekodi Mansa, katika chumba kilichofunikwa magodoro ukutani. Rosalie alikuwa nao, amembeba binti yake Sagesse ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Walirudia wimbo mara kumi na moja. Mara ya nane Sagesse alilia, fundi akawatoa nje, na Rosalie akasikiliza zilizobaki akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kibarazani. Mara ya kumi na moja ilipoisha hakuna aliyesema neno ndani.

Wiki sita baadaye redio ilikuwa inaupiga asubuhi na jioni. Siku moja, mapema, Eddy alifika nyumbani kwao. Rosalie alikuwa anaosha vyombo, akamsikia kwa masikio yake akimwambia Fabien aende kisiwani Chisenga kuchukua ile spika. Walikuwa wameiacha kwa wavuvi walipokwenda kuwapigia muziki. Fabien akavaa kofia, akaondoka. Mchana upepo ulishuka ziwani bila kupiga hodi. Boti ilipatikana kesho yake imepinduka. Fabien na watu wawili hawakupatikana mpaka leo.

Na siku ile ile, Fabien akiwa majini, Eddy alikuwa amekaa na mtu wa redio akieleza jinsi alivyoutunga wimbo.

Haikupita hata miezi miwili Eddy akahamia Copperbelt. Wimbo ukapanda, ukapanda tena. Watu wa Kashikishi wakaanza kunong'ona, na ni Memory aliyeyaleta manong'ono hayo mezani: wimbo hauishi hivyo bure, mukwai, wimbo usiokufa kuna mtu anaulisha. Rosalie alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Hakwenda kwa waganga, hakufunga hirizi. Hata hivyo neno lile lilimwingia likakaa. Mwaka 2010 wimbo ulipoingia kwenye simu za watu, Hénoc mpiga ngoma akafa. Mwaka 2016 mashabiki wa mpira walipouchukua, mke wa Eddy akafa. Rosalie hakuandika popote, ila hakusahau. Kila uliposhika moto upya, alikaa akisubiri kusikia ni nani safari hii.

Ndiyo maana swali la Memory halikumtoka kichwani. Eddy alikuwa hajarudi Nchelenge kwa miaka ishirini. Anakuja kuchukua nini?

Jibu alilipata nyumbani jioni ile. Sagesse, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja na ndiye aliyepiga gitaa kanisani, alikuwa anasonga ugali huku akitoa sauti puani. Rosalie alisimama mlangoni akasikiliza. Ikakohoa mara ya kwanza. Ikakohoa mara ya pili.

"Nani alikufundisha kuanza vile?"

Sagesse aligeuka. "Kila mutu anajua ile wimbo, Mama."

"Kuimba, ndiyo. Mwanzo haina mutu anajuaka kuipiga. Hata bale ba bendi ya Mansa banaiharibu. Nani alikufundisha?"

Msichana akaweka mwiko chini. "Nilijifundisha. Na Tonton Eddy alinituma mutu. Anataka Jumamosi nipige naye. Anasema anataka mutu wa damu ya Tonton Fabien."

Rosalie alisikia lile neno damu, mengine hayakumfikia. Akaketi kwenye kitanda cha kamba.

"Hauendi," alisema.

"Mama—"

"Nimesema hauendi. Aliita kaka yangu asubuhi moja, sawa vile anakuita weye sasa. Mutu akikutafuta kisha miaka makumi mbili, uliza anatafuta nini."

Hawakula pamoja. Siku mbili zilizofuata Sagesse alikuwa mtiifu mno, na utiifu ule ndio uliomwamsha Rosalie. Alimkagua vidole, akaona ncha zimevimba. Aliangalia gitaa la kanisa, akaona limefungwa nyuzi mpya. Alhamisi mchana Sagesse alisema anakwenda Mantapala kumsalimia rafiki aliyejifungua. Mantapala ni makazi ya wakimbizi, upande wa bara. Rosalie alimtakia safari njema, akamwachia Memory meza, kisha akamfuata kwa mbali. Binti hakuchukua njia ya bara. Alishuka kuelekea bandarini.

Nyuma ya gesti kulikuwa na ukuta mfupi ambapo walianika mashuka. Rosalie alisimama katikati ya mashuka yale, yakimgusa uso kwa ubaridi, na kupitia mwanya akawaona. Eddy alikuwa amezeeka. Nywele zake zilikuwa nyeupe pembeni, na miwani yake alikuwa ameifunga kwa uzi. Alikuwa ameshika gitaa, Sagesse ameketi mkabala naye, na kati yao spika mpya nyeusi.

Eddy alijaribu mwanzo. Ulitoka safi, kama gitaa tu. Akajaribu tena. Akakoroga, akaacha.

"Unaona?" alimwambia Sagesse. "Miaka makumi mbili. Nililipa bapiga gitaa wa kila fashoni. Ile sauti haiwaki."

"Leta," Sagesse alisema. Akavua kitambaa cha kichwa, akatoa ndani yake kipande cha karatasi ngumu ya sanduku la sabuni, akakibandika mbele ya spika kikining'inia. Akapiga. Ikakohoa. Ikakohoa. Ikashika.

Rosalie alijikuta ameshika shuka kwa mikono miwili. Upande wa pili wa ukuta ule, Eddy alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

Hapo ndipo Rosalie alipotokea. Hakupiga hodi.

"Inuka, Sagesse."

Binti aliruka. Eddy naye alisimama, akavua miwani. "Dada Rosalie."

"Usiniite dada. Sema mbele ya huyu mutoto. Ulituma kaka yangu ku Chisenga juu ya nini?"

Alitegemea akane. Alikuwa ameandaa la kumjibu akikana, maneno ya miaka ishirini, yamepangwa vizuri kama samaki mezani. Eddy hakukana. Alitazama mlango, akatazama Sagesse, akakaa tena taratibu.

"Mutu wa redio alisema anakuya saa ine," alisema. "Nilikuwa nimeshamuambia ku telefone kama wimbo ni yangu. Yangu miye peke. Fabien hakupenda kusema, unamujua. Lakini kama bangemuuliza, angesema kweli. Angesema ya mama yenu, ya boti, ya motere. Donc nilimutuma. Ile spika haikukuwa na haraka, Rosalie. Ingeweza kukaa kule mwezi. Nilitaka tu nibakie miye peke mbele ya micro."

Mashuka yalipigapiga ukutani.

"Njo ile tu?" Rosalie aliuliza.

"Njo ile."

Alikuwa amejiandaa kusikia habari ya mganga, ya damu, ya mkataba uliofanyika porini. Kile alichopewa kilikuwa kidogo sana, majivuno ya kijana wa miaka ishirini na minane, na hakujua akiweke wapi. Aliona afadhali angesikia lile kubwa. Lile kubwa angeliweza kulichukia bila kuchoka.

"Na Hénoc?" alisema. "Na bibi yako?"

"Hénoc, nyoka ilimuluma ku shamba. Bibi yangu, tension ya damu ilipanda." Eddy alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ulizani ni miye?"

"Nilizani."

"Hata miye nilizani." Hakucheka. "Nilifanya uongo, Fabien akakufa, na wimbo ikakatala kufa. Kila inapanda tena, ninaangaliaka batoto yangu, ninajiuliza ni nani. Mwaka huu bamoja bameiweka mu video, bazungu banacheza. Nikaogopa. Njo maana niko hapa."

Rosalie alilipima neno lile. Kisha hasira ikampanda upya, safari hii ikiwa na macho.

"Kumbe! Mutoto yangu njo akutoshe woga? Umuweke pale mbele, kama kuko kitu, kianze na yeye?"

Eddy akatazama chini, akarudisha miwani usoni. Hilo, Rosalie aliona, lilikuwa limempitia kichwani pia, na alilionea aibu.

Sagesse akaingilia kati. "Mama, miye sikuyaka juu yake. Nilikuya juu ni sauti ya kambo, mama yako. Haujaniambiaka hata siku moja. Nilijua kama wimbo ni ya Tonton Fabien, lakini ya boti ninaisikia leo, hapa, kwa huyu. Juu ya nini ulinificha?"

Rosalie alikuwa ameilinda ile asubuhi ya 1999 isiguswe na mikono ya Eddy, na katika kuilinda hakumpa hata mwanawe.

Walikubaliana kwa masharti yake. Sagesse atapiga. Kabla ya kupiga, Eddy atasema ukweli mbele ya watu. Na yeye Rosalie atasimama jukwaani katikati yao, asisogee hata inchi moja.

Jumamosi saa tisa mchana uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya miti ya pembeni. Lori zima lilikuwa limetoka Mantapala. Rosalie alipanda jukwaani na kitenge chake cha kwaya, akasimama pale alipoahidi, mikono kifuani, akimwangalia Eddy jinsi mtu anavyoangalia mizani ya mwenzake.

Eddy alishika maikrofoni. Alisema Fabien ndiye aliyeutunga wimbo, na si yeye. Alieleza boti, watu arobaini, injini, na mama mfupi aliyesimama. Alipofika kwenye ukelele, akina mama wa Mantapala waliokuwa mbele walishika vichwa; wengi wao walivuka maji yale yale kwa boti kama ile. Watu wa Kashikishi, waliokuwa wakiucheza wimbo huo tangu utotoni, walinyamaza kama waliokutwa wakicheka msibani.

Kisha Eddy akasita. Alimtazama Rosalie. Rosalie alisubiri. Habari ya spika ilikuwa bado. Badala ya kusema, Eddy alimpa Sagesse ishara ya kichwa.

Gitaa likakohoa. Uwanja mzima ukavuta pumzi. Liliposhika, watu maelfu walipiga ukelele kwa sauti moja, *Usizimishe!*, na haukuwa ule wa mpirani wala wa harusini. Walikuwa wanamwambia mwenye boti. Rosalie alijikuta mdomo wake uko wazi na sauti yake mwenyewe inatoka, nene, mbaya, ya mtu ambaye miaka ishirini alizima redio kila ulipopigwa.

Hata hivyo wimbo ulipoisha, watu wakiwa bado wanaruka, alimsogelea Eddy sikioni.

"Uliacha moja."

"Ile ni ya siye batatu, Rosalie. Tulishaimaliza."

"Hapana. Ile ni ya Fabien. Uliimuibia ku redio, utamurudishia ku redio."

Jumatatu alikiweka kiredio mezani, katikati ya mafungu ya chisense. Memory alikaa karibu, mikono magotini. Eddy alikuja hewani saa nne. Safari hii alisema yote: mtu wa redio, spika isiyokuwa na haraka, kijana aliyevaa kofia akaondoka. Sauti yake ilikatika mara mbili.

"Kumbe," Memory alisema polepole. "Kumbe hakumuuza."

"Hakumuuza," Rosalie alisema. "Alimusukuma tu pembeni."

Alidhani angepata usingizi mwema wiki ile. Lakini kufika Jumatano mahojiano yale yalikuwa yameshakatwa yakawekwa kwenye simu za watu hadi Lusaka na Lubumbashi. Wimbo ulipanda kuliko ulivyopata kupanda. Watu walilia wakiusikiliza. Waliokuwa wameuchoka waliupenda upya. Na Rosalie, akiwa anamwagia maji mikono yake yenye harufu ya samaki, akajiuliza kama Eddy hakulijua hilo tangu mwanzo. Je, aliyeutumia uongo kuupandisha wimbo hawezi kuutumia ukweli pia? Alilirudia swali hilo siku nyingi. Mara alimwona pale kwenye mashuka, kichwa chini, akaona hapana. Mara alimsikia akikatika sauti redioni, akahesabu: mara mbili, mahali pazuri zote mbili.

Alikaa pia akisubiri habari ya msiba. Wiki ikapita, na nyingine. Watoto wa Eddy walikuwa wazima. Sagesse alikuwa mzima, tena ananenepa.

Mwezi uliofuata Eddy alituma ujumbe. Watu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, wanataka kuusikia wimbo kule ulikotoka. Anaomba ruhusa ya kwenda na Sagesse, boti kubwa, majaketi ya kuelea yapo.

Sagesse alisoma ujumbe kwa sauti, kisha akamtazama mama yake bila kusema kitu.

Rosalie alikuwa hajavuka maji yale tangu 1999.

"Muandikie," alisema. "Muulize boti ni ya nani, na jina ya mwenye kuiendesha ni nani, na mutu yule anafanyaka kazi tangu mwaka gani. Muambie tutaondoka asubuhi, upepo ikiwa bado."

"Tutaondoka?"

"Muambie aweke nafasi ya batu babili," Rosalie alisema, akaenda kumwuliza Memory kama atamshikia meza siku tatu.